Miezi minane ya Samatta Aston Villa: uchambuzi wa usajili wa dirisha dogo

Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, Wembley. Manchester City wanaongoza 2-0 dhidi ya Aston Villa kwa mabao ya Agüero na Rodri. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi anamimina krosi, Mbwana Samatta anajirusha na kuupiga kwa kichwa, Claudio Bravo anabaki kuusindikiza kwa macho. Mchezo uliisha 2-1 na kombe likaenda Manchester, lakini usiku ule Tanzania nzima ilikuwa na bao lake Wembley, la kwanza tangu mpira uanze kuchezwa pale.

Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo Samatta alitambulishwa Fenerbahçe, Istanbul, kwa mkopo wenye kipengele cha kumnunua moja kwa moja. Alikuwa ametua Villa tarehe 20 Januari kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Imetumika miezi minane tu.

Jibu linalotolewa vijiweni ni fupi: Ligi Kuu ya Uingereza ilimzidi kimo. Takwimu zake zikitajwa peke yake zinaonekana kuliunga mkono, kwa sababu ni mechi 14 za ligi na bao moja. Mimi silikubali. Nadhani kisa hiki kinafundisha jambo jingine, ambalo kijana yeyote wa Kitanzania anayeota kucheza nje, na mzazi wake, na wakala wake, wanapaswa kulijua kabla kalamu haijagusa karatasi: klabu inaponunua mchezaji huwa inanunua suluhisho la tatizo fulani, na tatizo likibadilika, mchezaji anabaki mkononi mwao kama deni.

Tuanze na tatizo la Villa lilivyokuwa. Walipanda daraja mwaka 2019 kupitia mechi za mchujo, wakatumia zaidi ya pauni milioni 100 kusajili karibu kikosi kipya kizima. Namba tisa wao, yaani mshambuliaji wa kati, alikuwa Mbrazili Wesley. Siku ya Mwaka Mpya 2020, ugenini Burnley, Wesley aliumia goti na msimu ukaishia hapo. Mchezo huohuo golikipa Tom Heaton naye aliumia goti. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, dirisha dogo la usajili la Januari limefunguliwa, na hawana mshambuliaji wa kati wa kutegemewa. Ndani ya siku 20 walikuwa wamemchukua Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Kwa klabu ya Uingereza hiyo ilikuwa bei ya kujaribu bahati. Genk walikuwa wameshawauzia Villa mshambuliaji mwaka 2012, Christian Benteke, na huyo alifunga mabao 19 ya ligi msimu wake wa kwanza. Njia ilikuwa inajulikana.

Hapa niweke jambo la kibali cha kazi, maana wengi hulipita. Wakati ule mchezaji kutoka nje ya Ulaya alipata idhini ya Chama cha Soka cha Uingereza moja kwa moja ikiwa tu nchi yake iko ndani ya 50 bora za FIFA na yeye anaichezea mechi za kutosha. Tanzania ilikuwa mbali sana, chini ya nafasi ya 100. Kwa hiyo faili la Samatta lilipaswa kupita kwenye jopo linaloangalia mambo mengine: ada ya uhamisho, mshahara, hadhi ya ligi anayotoka, mechi za mashindano ya Ulaya alizocheza. Maana yake ni kwamba mabao aliyoyafunga Ubelgiji na kwenye Ligi ya Mabingwa ndiyo yaliyomfungulia mlango wa forodha. Kipaji hicho kingekuwa kinacheza Dar es Salaam au Lubumbashi, barua ya kukataliwa ingekuja hata kama kocha anamtaka.

Alianza vizuri. Mechi yake ya kwanza ilikuwa marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Januari 28, Villa wakashinda 2-1 kwa bao la dakika za mwisho la Trézéguet na kwenda Wembley. Siku nne baadaye, Bournemouth, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi na kufunga kwa kichwa, Villa wakalala 2-1. Mwezi mmoja baadaye likaja lile la Wembley. Mabao mawili, yote ya kichwa, yote ndani ya eneo la hatari.

Kisha corona ikaja. Ligi ilisimama Machi na kurudi Juni 17. Mchezaji aliyekuwa na wiki saba tu kwenye nchi mpya, anayejifunza mfumo mpya na wenzake wapya, alikaa miezi mitatu bila mechi. Waliokuwa na miaka miwili pale waliweza kuurudia mfumo kwa kumbukumbu. Yeye hakuwa na cha kukumbuka.

Ligi iliporudi, Villa walicheza mechi 10 zilizobaki. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo hukumu dhidi ya Samatta ilipotolewa. Katika mechi hizo 10 Villa walifunga mabao 7. Kortney Hause, beki, alifunga dhidi ya Chelsea. Ahmed Elmohamady, beki wa pembeni, dhidi ya Newcastle. Ezri Konsa, beki, dhidi ya Everton. Trézéguet, winga, alifunga mawili dhidi ya Crystal Palace na moja dhidi ya Arsenal. Jack Grealish akafunga la mwisho dhidi ya West Ham siku ya kufunga msimu. Tafuta jina la mshambuliaji wa kati hapo. Halipo, la Samatta wala la Keinan Davis aliyekuwa akipokezana naye.

Timu ilikuwa imeamua kuishi kwa kujilinda. Kocha Dean Smith alitumia mapumziko ya corona kuijenga upya safu ya nyuma, na ndivyo ilivyonusurika: nafasi ya 17, pointi 35, moja tu juu ya Bournemouth na Watford walioshuka. Mchezo wa kwanza baada ya kurudi, sare ya 0-0 na Sheffield United, mpira ulivuka mstari wa goli la Villa na mtambo wa kuonyesha goli haukulia. Kwa tofauti ya pointi moja, mtu anaweza kuona uzi mwembamba waliokuwa wameshikilia. Msimu mzima mfungaji bora wao wa ligi alikuwa Grealish, kiungo, kwa mabao 8. Katika timu ya namna hiyo kazi ya namba tisa ni kukimbiza mabeki, kupigania mipira mirefu akiwa peke yake, kuushika mpira mgongo ukiwa golini mpaka wenzake wapande. Samatta alifanya kazi hiyo kwa bidii na hakuifanya vizuri sana. Hakuwa ameletwa duniani kwa kazi hiyo.

Mabao yake makubwa yanaonyesha alikuwa mchezaji wa aina gani. Novemba 5, 2019, Anfield, alimfunga Liverpool, bingwa wa Ulaya wa wakati huo, kwa kichwa kutokana na kona. Bournemouth ni kichwa. Wembley ni kichwa kutokana na krosi. Ni straika anayeishi ndani ya boksi, anayejua kuchomoka mbele ya beki sekunde moja kabla mpira haujafika, na kwa hiyo anategemea watu wa kumpelekea mpira. Genk walikuwa nao kwa wingi. Msimu wa 2018/19, walipotwaa ubingwa wa Ubelgiji chini ya Philippe Clement, nyuma yake na pembeni yake walikuwepo Leandro Trossard, Ruslan Malinovskyi, na kwa sehemu kubwa ya msimu Alejandro Pozuelo. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi na kupewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Wapishi hao walipoondoka, Trossard akienda Brighton na Malinovskyi Atalanta, Genk yenyewe ilianza kuyumba kabla hata yeye hajaondoka.

Villa walibaki Ligi Kuu, na tatizo lao likabadilika. Sasa hawakuhitaji wa kuziba pengo mpaka Mei. Walikuwa na pesa za msimu mwingine na muda wa kuchagua. Septemba 2020 walimchukua Ollie Watkins kutoka Brentford kwa ada iliyoripotiwa kuanzia pauni milioni 28. Dean Smith alikuwa amemfundisha Watkins hukohuko Brentford na alijua mfumo wote utamzunguka yeye. Wiki mbili baadaye Samatta yuko Uturuki.

Mkataba wa miaka minne na nusu ulimlinda mshahara. Nafasi uwanjani haukuilinda, na hakuna mkataba unaoweza kuilinda. Urefu wa mkataba unaisaidia zaidi klabu, ili mchezaji akitakiwa kwingine asiondoke bure. Vijana wanaosaini "miaka mitano Ulaya" na kusherehekea wanapaswa kulisikia hili mapema kutoka kwa mtu anayewapenda.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu ukimwangalia Samatta wa Villa tu utadhani ni hadithi ya kushindwa, na nusu ya thamani ya kisa hiki iko kwenye ngazi alizopanda kabla.

Kijana wa Mbagala aliyepitia African Lyon na kujiunga na Simba mwaka 2010. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa uwanjani, na Mazembe wakaondoka na kitu kingine zaidi ya ushindi: walimtaka yule kijana mwembamba wa mbele. Alikuwa na miaka 18. Umri huo una maana, kwa sababu kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa katika mazingira machache sana. Yeyote anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa klabu ya nje anapaswa kuulizwa atalipitaje katazo hilo, tena aulizwe mbele ya mashahidi.

Lubumbashi ilikuwa uamuzi bora wa maisha yake ya mpira, na sidhani kama tumewahi kuupa heshima yake. Mazembe walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 dhidi ya Inter. Chini ya Moïse Katumbi, aliyekuwa pia gavana wa Katanga, klabu ililipa vizuri, ilisafiri kwa ndege yake, na mwaka 2011 ilifungua uwanja wake Kamalondo. Mazoezini kulikuwa na Rainford Kalaba na Wazambia wengine waliokuja kuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2012. Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu alikuwa naye. Na mitaani watu wanazungumza Kiswahili, cha kwao Katanga, lakini kijana wa Mbagala anaweza kuagiza chakula, kumwelewa mwenye nyumba, kutaniana na shabiki. Wachezaji wetu wengi wamerudi nyumbani kutoka nje kwa sababu ya upweke kuliko sababu ya mpira, na hili la lugha lilimwondolea mzigo mkubwa katika umri mbaya.

Alikaa pale karibu miaka mitano. Sio yote yaliyokuwa mazuri. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2013 walipoteza kwa Sfaxien. Lakini mwaka 2015 Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger 2-1 Algiers na 2-0 Lubumbashi. Samatta alifunga katika mechi zote mbili na kumaliza mashindano akiwa na mabao 7. Januari 7, 2016, Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwashinda mwenzake wa Mazembe, kipa Robert Kidiaba, na Mwalgeria Baghdad Bounedjah. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki haukuwahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Ndipo Genk, mwishoni mwa mwezi huohuo. Na hapa tena kuna mlango wa sheria usioonekana kwenye picha za utambulisho. Ubelgiji haina idadi ya juu ya wachezaji wa kigeni kama nchi nyingine, lakini inataka mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya alipwe kima cha chini ambacho wakati ule kilikuwa takriban euro 80,000 kwa mwaka. Klabu haimlipi mtu kiasi hicho kwa majaribio. Inamlipa aliyekwisha kuthibitishwa, na uthibitisho wa Samatta ulikuwa medali na tuzo alizozipata Afrika, si video ya dakika tatu.

Genk nao walikuwa na tatizo lililolingana naye. Ni klabu inayoishi kwa kununua vijana, kuwakuza na kuwauza: De Bruyne, Courtois, Koulibaly wote walipita pale, na siku Samatta anafika kikosini kulikuwa na Wilfred Ndidi na Leon Bailey. Klabu ya aina hiyo ina subira, kwa kuwa subira ndiyo biashara yenyewe. Mji wenyewe ni wa machimbo ya makaa ya mawe yaliyofungwa miaka ya 1980, na klabu ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha Winterslag na Waterschei, timu mbili za vitongoji vya migodi. Kutoka Lubumbashi ya shaba kwenda Genk ya makaa: miji yote miwili imejaa familia zilizotoka mbali kufuata kazi, na mgeni hatazamwi sana. Simwekei Samatta maneno mdomoni, lakini naamini jambo hili lilichangia.

Alipewa muda. Machi 2017 alifunga mawili Genk walipoichapa Gent 5-2 ugenini kwenye Europa League. Baadaye mwaka huo goti likamweka nje, akarudi, hakuna aliyemwuza. Agosti 2018 alipiga hat-trick dhidi ya Brøndby. Juni 2019 alikuwa nahodha wa Taifa Stars AFCON ya Misri, ya kwanza kwetu tangu 1980, akafunga dhidi ya Kenya. Septemba akawa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa Ulaya, Salzburg, usiku ambao Genk walichapwa 6-2 na kijana mmoja aitwaye Haaland akafunga matatu.

Ukiziweka hatua hizi mbele yako utaona tofauti. Mazembe walimchukua kwa ajili ya miaka mitano ijayo, Genk nao vilevile. Villa walimchukua kwa ajili ya wiki kumi na tano.

Je, alipaswa kukataa? Alikuwa na miaka 27, na simu ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa Mtanzania haikuwahi kuita kabla. Mimi ningemwambia aende, na bado ningemwambia hivyo leo. Lakini ningependa aliyekaa naye mezani aulize maswali matatu kabla ya kuzungumzia mshahara. Wesley akipona, mpango ni upi? Timu ikishuka daraja, kipengele cha kuondoka kinasemaje? Na nani katika kikosi hiki anapiga krosi? Hili la mwisho linaonekana dogo, na ndilo lililoamua kila kitu.

Yaliyofuata ni maisha ya mchezaji wa kulipwa ambaye klabu iliyomnunua haimhitaji. Fenerbahçe alikuta foleni ya washambuliaji, wakiwemo Enner Valencia na Papiss Cissé, na baada ya msimu mmoja alipelekwa kwa mkopo Antwerp, kisha msimu wa 2022/23 akarudi Genk, nako kwa mkopo. Mwaka 2023 alihamia PAOK, na Mei 2024 akawa bingwa wa Ugiriki. Mwaka 2025 akasaini Le Havre ya Ufaransa. Mtu aliyedaiwa "kufeli" mwaka 2020 alikuwa bado anacheza ligi za juu za Ulaya miaka mitano baadaye, akiwa amevuka 30.

Kuna suala la pesa ambalo viongozi wa klabu zetu ndogo wanapaswa kulishika. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15 inabeba asilimia 0.25 kila mmoja, na ya 16 hadi 23 inabeba asilimia 0.5. Kama ada ya Villa ilikuwa pauni milioni 8.5, kila msimu mmoja aliocheza akiwa na miaka 16 hadi 23 ulikuwa na thamani ya pauni 42,500. Kwa klabu ya Temeke hiyo ni basi la timu na uwanja wa mazoezi. Lakini pesa hiyo inafuata karatasi: kadi ya usajili yenye tarehe sahihi ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia na kutoka, kumbukumbu iliyopo TFF. Kijana aliyecheza misimu mitatu bila kusajiliwa rasmi, kwa karatasi, hakucheza.

Na vijana waliomfuata wamechagua njia tofauti. Kelvin John alisaini Genk Juni 2021, mara tu alipotimiza miaka 18, bila kupitia ngazi ya Afrika, akatumia muda mwingi katika kikosi cha vijana na mwaka 2024 akaenda Aalborg, Denmark. Novatus Miroshi alitoka Azam kwenda Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwaka 2023 akiwa kwa mkopo Shakhtar Donetsk alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya kabla ya kutua Göztepe, Uturuki. Huyu wa pili ni mchezaji wa ulinzi na kiungo anayeweza kupangwa nafasi mbili au tatu, jambo linalompa kocha sababu ya kumbakiza hata mpango unapobadilika. Straika hana bahati hiyo. Yeye ana nafasi moja, na siku klabu inaponunua mwingine wa pauni milioni 28, anaanza kufunga mizigo.